Deni la Mchora Ramani

Mwaka jana nilichora njia mahali ambapo hapakuwa na njia. Sikukusudia kudanganya. Niliuliza watu, wakanijibu, nami nikaandika walichoniambia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Hata hivyo ramani ikawa ya uongo, na mtu mmoja akapata hasara kwa sababu yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ikiwa mashahidi wote wamesema kweli, na mwandishi hakuwa na nia mbaya, kosa ni la nani? Na aliyechora anadaiwa nini?

Katika insha hii nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kuweka kando ya kisa changu kisa kingine kikubwa zaidi, cha Wajerumani wawili waliochora ramani ya maziwa yetu mwaka 1855 bila ya kuyaona. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ramani yao ilijengwa kwa masimulizi ya watu wa misafara ya pwani na bara, yaani kwa maneno ya wazee wa lugha hii tunayoisoma. Pili, kosa lao linafanana na langu kama mti na kivuli chake, ingawa mti wao ulikuwa mrefu na kivuli changu ni kifupi.

Nianze na changu. Ninaishi Batsinda, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, hapa Kigali. Barabara na njia zetu zimepewa namba zinazoanza na herufi KG, kama zilivyo za Gasabo yote, lakini mkazi akimwelekeza mgeni hazitaji namba hizo. Atamwambia: shuka kituoni, pita duka lenye mlango wa buluu, ukiufikia mparachichi uliza tena. Hilo la "uliza tena" ndilo muhimu kuliko yote, na mimi sikulizingatia.

Mimi na wenzangu watatu tulijitolea kuongeza vichochoro vya mtaa wetu katika ramani moja ya intaneti, ya aina ile ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Tulifanya kazi hiyo mwishoni mwa juma. Nilitembea na simu mkononi, nikiwauliza watu njia wanayopita kwenda kituo cha basi. Nilimuuliza mama mmoja muuza ndizi, nikawauliza vijana waliokuwa wakiosha pikipiki, nikawauliza watoto wa shule. Wote walinionyesha kijia kimoja kinachokata mteremko kati ya nyumba mbili. "Hapa ndipo tunapopita," walisema. Nilipita pia, simu ikarekodi hatua zangu, na jioni nikachora mstari. Programu iliniuliza ni njia ya aina gani. Nikachagua njia ya kawaida, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza katika orodha, nikaenda kulala.

Baada ya wiki chache pikipiki za abiria, ambazo hapa Kigali tunaziita moto, zikaanza kupita pale. Dereva asiyeujua mtaa hufuata simu, na simu ilikuwa ikimwambia kwamba hiyo ndiyo njia fupi. Lakini kile hakikuwa kichochoro cha umma. Kilikuwa ukingo wa kishamba cha bibi mmoja aliyewaacha majirani wapite kwa miguu kwa wema wake tu. Magurudumu yalikata matuta mawili ya maharage, na uzio wake wa matete ukaangushwa. Bibi yule aliulizauliza mpaka akanipata.

"Mwanangu," alisema, "nani alikuambia kwamba hapa ni barabara?"

"Watu wote, bibi. Niliwauliza watu wengi."

"Watu wote walikuambia kwamba wanapita. Ninajua wanapita, mimi ndiye niliyewaruhusu. Nani alikuambia kwamba ni barabara?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba hakuna aliyeniambia hivyo. Neno "njia" lilikuwa langu mwenyewe.

Bibi huyo aliletwa Batsinda kutoka Kiyovu. Wasomaji wasioijua Kigali wafahamu kwamba mnamo mwaka 2008, jiji lilipokuwa likipangwa upya, familia za ile sehemu ya Kiyovu iliyokuwa ikiitwa Kiyovu ya maskini ziliondolewa, na baadhi yake zikahamishiwa hapa katika nyumba mpya. Sina nia ya kuuhukumu mpango huo katika insha hii. Mji unaokua lazima upangwe, na mpango hauwezi kufanyika bila ramani. Nalitaja jambo hilo kwa sababu ya maneno aliyoniambia bibi tulipokuwa tukiagana. Alisema: "Ramani ya kwanza ilinileta hapa. Ya kwako imeniletea pikipiki."

Sasa niende kwa Wajerumani. Johann Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, na Jakob Erhardt alizaliwa mwaka 1823 huko Bönnigheim. Wote wawili walikuwa watu wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, na wote walitumwa Afrika ya Mashariki na chama cha wamisionari cha Uingereza kilichoitwa Church Missionary Society. Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, Erhardt akamfuata mwaka 1849. Makao yao yalikuwa Rabai, nyuma kidogo ya Mombasa, na huko ndiko alikokuwa Mjerumani mwenzao aliyewatangulia, Johann Ludwig Krapf, ambaye wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu kwa kamusi yake.

Rebmann alikuwa ameonja uchungu wa kutosadikiwa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima wa Kilimanjaro. Alipouliza ni nini, kiongozi wake hakuwa na jina la theluji. Aliuita weupe ule "baridi" tu. Rebmann akaelewa. Habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikataa katakata na akaendelea kuikataa kwa miaka mingi. Kwake yeye theluji chini ya ikweta haikuwezekana. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima huo hadi zaidi ya mita 4,000 na kuithibitisha.

Nimekitaja kisa cha theluji kwa sababu kinatuonyesha kwamba watu hawa wawili hawakuwa wapuuzi. Walijua thamani ya neno la mwenyeji. Walijua kwamba mzee wa msafara anaweza kuwa na elimu ambayo mtu mwenye maktaba London hana. Kwa hiyo walipotaka kujua ndani ya bara kuna nini, walifanya jambo lililo sahihi: waliuliza.

Mwaka 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga, bandari ambayo misafara ya pembe iliondokea kwenda bara. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara: mlipita wapi, mlitembea siku ngapi, mliishia wapi? Baadaye yeye na Rebmann waliziweka habari zao pamoja. Waliokwenda kwa njia ya kusini, kutoka pande za Kilwa, walisema kwamba mwishoni walikuta maji makubwa. Waliokwenda kwa njia ya kati, kupitia Unyamwezi hadi Ujiji, walisema kwamba mwishoni walikuta maji makubwa. Habari za njia za kaskazini nazo ziliishia kwenye maji makubwa. Wamisionari wakatazamana, na wazo likawajia: maji hayo yote ni maji mamoja.

Wakachora ziwa moja. Lilianzia karibu na ikweta, likateremka upande wa magharibi wa nchi, kisha likajipinda hadi Nyasa. Umbo lake lilikuwa kama la koa, yule konokono asiye na gamba, na kwa sababu hiyo wanajiografia wa London waliifanyia mzaha. Ramani ilichapishwa mwaka 1855 katika gazeti la misheni huko Württemberg, na mwaka 1856 katika jarida maarufu la August Petermann huko Gotha. London ilishtuka. Ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Richard Burton na John Hanning Speke watumwe kutafuta ziwa hilo.

Sisi tunaoishi katika nchi hizi tunajua kwamba ziwa la aina hiyo halipo. Kuna Nyanza, ambalo wengi wanaliita Viktoria, kuna Tanganyika, na kuna Nyasa. Wamisionari waliyaunganisha matatu yakawa moja.

Hebu tulitazame kosa hilo kwa makini. Msafiri wa Kilwa alisema kweli: mwisho wa njia yake kuna maji makubwa. Msafiri wa Ujiji alisema kweli. Wa kaskazini alisema kweli. Kosa halimo ndani ya ushahidi wowote. Limo katikati ya shahidi mmoja na mwingine, mahali ambapo hakuna aliyesema kitu, na kalamu ikapita. Lugha nayo ilichangia. Nyanza na Nyasa ni maneno ya lugha za bara yenye maana ya maji makubwa. Hata Kinyarwanda kina neno inyanja. Mtu akisikia watu wa njia tofauti wakitaja majina yanayokaribiana hivyo, ni rahisi adhani wanataja kitu kimoja, kumbe kila mmoja anasema "ziwa" kwa lugha yake na anamaanisha la kwao. Vivyo hivyo majirani zangu waliposema "tunapita", nilisikia "njia".

Sasa nilirudie swali langu. Kosa ni la nani? Nimesikia majibu matatu katika mazungumzo na wenzangu, na nitayachukua moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba kosa ni la mashahidi. Wangeeleza vizuri zaidi. Jibu hili ni rahisi na si la haki. Shahidi hujibu swali aliloulizwa. Mtu wa Ujiji hakuulizwa kama ziwa lake linaungana na la Nyasa. Aliulizwa njia yake inaishia wapi. Muuza ndizi hakuulizwa kile kijia ni mali ya nani. Anayeuliza ndiye anayeamua mlango upi ufunguliwe, na chumba kisichofunguliwa hakiwezi kulaumiwa kwa giza lake.

Jibu la pili ni kwamba mchora ramani asichore ila alichokiona kwa macho yake. Wengi hulipenda jibu hili, kwa sababu linaonekana kuwa la kisayansi. Mimi silikubali. Sehemu kubwa ya tunachokijua tumeambiwa. Siku niliyozaliwa niliambiwa. Jina la babu wa babu yangu niliambiwa. Tukitupa kila tulichoambiwa, tutabaki na chumba kimoja na dirisha lake. Zaidi ya hayo, Cooley alikataa kumsadiki aliyeambiwa na pia aliyeona, na kukataa kwake hakukumfikisha kwenye ukweli. Wala macho hayatoshi. Burton alifika Ujiji mwezi Februari 1858 na akaliona Ziwa Tanganyika. Huko Uvira, kaskazini mwa ziwa, wenyeji walimwambia kwamba Mto Rusizi, ule unaotoka katika Ziwa Kivu hapa kwetu, unaingia ziwani. Hata hivyo baadaye aliandika kutetea wazo kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini. Mabishano yakaendelea hadi mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipofika penyewe kwa mtumbwi na kukuta mto unaingia, kama walivyosema watu wa Uvira. Aliyeliona ziwa kwa macho yake alikosea. Walioambiwa na wenyeji wakasadiki wangekuwa sahihi.

Jibu la tatu ni kwamba hakuna mwenye kosa, kwa kuwa nia ilikuwa njema. Jibu hili nilitamani liwe la kweli, kwa sababu lingeniachia usingizi wangu. Lakini maharage ya bibi hayakuota tena kwa sababu ya nia yangu. Nia njema inaweza kuniondolea lawama ya uovu. Haiwezi kuniondolea deni. Mtu akivunja chungu cha jirani kwa bahati mbaya, si mwovu, lakini chungu bado kinadaiwa.

Kwa mtazamo wangu, basi, anayedaiwa ni aliyeunganisha. Kila ramani ina sehemu mbili: kuna yale yaliyosemwa au kuonekana, na kuna viungo ambavyo mchoraji ameviweka mwenyewe ili picha ikamilike. Hawezi kuepuka kuviweka. Ramani iliyojaa mapengo haimsaidii msafiri. Lakini wino ni uleule. Ufuo wa ziwa uliosimuliwa na watu kumi na ufuo ambao hakuna aliyeutaja huchorwa kwa mstari mmoja, na macho ya msomaji hayawezi kuitenganisha. Hapo ndipo deni linapozaliwa. Na naona lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kukiri: kusema wazi kwamba hapa nimeambiwa, na hapa nimekisia. Katika hili Erhardt na Rebmann wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Kichwa cha ramani yao cha Kijerumani kinasema kwamba huo ni mchoro, na kwamba unaonyesha mahali na ukubwa wa ziwa kwa namna ya yamkini. Neno "yamkini" limo mle mle juu ya ramani. Walioicheka na walioiamini hawakulizingatia, kwa sababu watu hutazama picha kabla ya kusoma kichwa. Mimi sikuwa na hata neno hilo. Mstari wangu ulikuwa imara kama barabara ya lami ya Kagugu.

Sehemu ya pili ni kurudi, yaani kuwapelekea ramani wale waliokupa habari, kabla au hata baada ya kuichapisha, na kuwauliza: je, hivi ndivyo mlivyosema? Katika hili wamisionari hawakulipa, na bahati ilifanya deni lao lilipwe na wengine. Mwezi Novemba 1857 Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Huko walikaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Speke akaifungua ramani ya wamisionari mbele yake, akamuuliza Nyasa iko wapi. Snay akajibu kwamba hilo ni ziwa jingine kabisa, liko kusini, si la Ujiji. Akaulizwa na Ukerewe je? Akajibu kwamba hilo nalo ni ziwa jingine, liko kaskazini, tena ni kubwa kuliko la Ujiji. Kwa mazungumzo ya kikao kimoja, koa akakatika vipande vitatu. Mwezi Agosti 1858 Speke alifika ufuo wa kusini wa Nyanza, na Septemba 1859 Livingstone akafika Nyasa, lakini habari yenyewe ilikuwa imekwisha kujulikana barazani Kazeh.

Kisa hicho kimenifundisha kuliko kitabu chochote cha mantiki nilichosoma. Kosa lililotokana na masimulizi lilisahihishwa kwa masimulizi. Hapakuhitajika darubini. Palihitajika kuweka karatasi mbele ya mtu anayejua na kumuuliza swali moja. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nilikuwa nikidhani maana yake ni kwamba wazee hawakosei. Sasa naona kwamba uzito wa methali umo katika neno la kwanza, "penye". Wazee walikuwapo Tanga habari zilipokusanywa, hawakuwapo zilipounganishwa. Neno liliharibika pale ambapo hawakuwapo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kurudi ni wajibu, wakati kosa huweza kusahihishwa wakati wowote? Nitajibu kwa mfano wa Mjerumani mwingine wa kale zaidi. Mwaka 1507 Martin Waldseemüller, katika mji wa Saint-Dié ambao leo uko Ufaransa, alichapisha ramani kubwa ya dunia ya karatasi 12. Juu ya nchi mpya za magharibi aliandika jina "America", kwa heshima ya Amerigo Vespucci, aliyemdhania kuwa ndiye mgunduzi wake. Katika ramani yake kubwa ya mwaka 1516 hakuliweka tena jina hilo. Lakini nakala za kwanza zilikuwa zimekwisha kusambaa, na wengine wakaliendeleza. Mwaka 1538 Gerard Mercator aliliandika juu ya kaskazini na kusini pia. Leo tunasema Marekani na Amerika, na waliokuwa wakiishi huko kabla ya Vespucci hawakuulizwa wanapaitaje kwao. Mchora ramani anaweza kubadili mawazo yake, lakini ramani haibadili mawazo yake pamoja naye. Nami nilifuta mstari wangu siku ileile bibi aliponijia. Pikipiki ziliendelea kupita kwa majuma kadhaa, kwa sababu simu za madereva zilikuwa zimehifadhi ramani ya zamani.

Kuna pingamizi moja zito ambalo sipaswi kulikwepa. Rafiki yangu aliniambia: ukitaka mchoraji arudi kwa kila aliyemuuliza, ramani hazitakamilika milele. Gari la wagonjwa litasubiri mpaka lini? Ana haki. Ramani isiyochapishwa nayo inaumiza watu. Erhardt na Rebmann wangesubiri uhakika, huenda Snay asingeulizwa swali lile mwaka ule. Ramani yenye kosa ndiyo iliyolizaa swali. Siwezi kusema kwamba wangekaa kimya.

Jibu langu ni kwamba si lazima kurudi kwa wote, lakini ni lazima kumwendea yule ambaye mstari unapita juu yake. Hapo ndipo nilipopotea. Niliwauliza wapitaji, ambao mstari ulikuwa faida kwao, sikumuuliza mpitiwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu kumi wanaopita si ushahidi kuhusu haki ya mmoja anayepitiwa, hata wangekuwa mia. Historia ya eneo letu inalijua jambo hilo vizuri. Mwaka 1910 wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels wakagawana mpaka wa Kivu. Kisiwa cha Ijwi kikawa upande wa Kongo na Bufumbira ikawa upande wa Uganda. Waliokuwa mezani walikuwa wale ambao mstari ungewafaa. Waliopitiwa na mstari walipata habari baadaye. Ukilinganisha, koa wa Erhardt anaonekana mpole: alikosea akiwa anasikiliza.

Nimalizie kwa kueleza nilivyojaribu kulipa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, watu wa mtaa hukaa pamoja kuzungumza mambo yao. Niliomba dakika chache. Nilikuwa nimechapa ramani ya mtaa kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani, nikaeleza nilichokuwa nimekifanya na hasara niliyomletea bibi. Kisha nikawaomba wanisahihishe. Nilidhani watanionyesha kosa moja. Walinionyesha matano. Kichochoro kimoja kilikuwa kimezibwa na mvua tangu mwaka juzi. Kisima nilichokiandika kuwa cha umma kilikuwa cha nyumba fulani. Jina la mteremko mmoja nilikuwa nimeliandika kama vijana wanavyolitamka, si kama wazee wanavyolijua.

Habari ya kile kijia ilileta ubishi. Mama mmoja alisimama akasema kwamba kikizibwa watoto wake watazunguka mbali kwenda shule, na kwamba ameshakizoea kwa miaka mingi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba hakuwahi kuwakataza watoto na hatawakataza; anachokataa ni magurudumu, na anachotaka ni kuulizwa. Basi tukakubaliana, mbele ya wote, kwamba kijia kibaki kwenye ramani kama njia ya miguu, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, na ruhusa hiyo iandikwe. Nilirudi nyumbani nikaiandika. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki siku ile ya kwanza walinisaidia kuusimamisha uzio. Maharage sikuweza kuyarudisha. Nilimpelekea mbegu msimu uliofuata.

Sidhani kwamba deni limekwisha. Bibi atazeeka, kiwanja kitapata mrithi, na siku hiyo mstari wangu utakuwa wa uongo tena hata kama hakuna atakayeugusa. Ndiyo maana naamini kwamba mchora ramani hana siku ya kumaliza kazi. Ana siku ya kuichapisha, kisha ana siku za kurudi. Juma lililopita nilipita pale nikiwa naenda kituoni. Nilisimama kwenye uzio nikabisha hodi, ingawa ramani yangu mwenyewe inasema kwamba ninaweza kupita.